Kompyuta Iliyozimika Kila Nilipoondoka

Vijana wangu, ile saa ya ukutani mliyonipa siku ya kuniaga inachelewa dakika saba, na naona hakuna hata mmoja wenu aliyeijaribu kabla ya kuifunga kwa karatasi ya maua. Nimeitundika hivyo hivyo. Mliniomba niwaandikie habari za kazi, na najua mlitaka nieleze nilivyopanda hadi nikapewa ofisi yenye dirisha. Hayo sitayaandika. Vyeo vilikuja kama mvua ya Aprili, kuna waliolowa na kuna waliobaki wakavu, na hakuna aliyejua sababu. Nitawaandikia jinsi nilivyokuwa sielewi. Sehemu kubwa ya kazi hii nilikuwa sielewi, na safari moja kutoelewa kwangu kulimfanya mtu asiye na kosa apoteze kazi.

Nilianza River Road, orofa ya pili, juu ya duka la misumari na mabomba, kwa Bwana Kirpal. Alikuwa Singasinga mwembamba, fundi wa taipureta tangu ujana wake, na kompyuta zilipoingia mjini alivaa miwani nyingine juu ya ile ya kwanza na kuzifungua kama taipureta zilizopata ugonjwa mpya. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino, nikidhani naenda ofisini. Alinipa brashi ya rangi iliyokatwa nywele ikabaki fupi, akaniambia nisugue herufi za taipureta moja mpaka zing'ae. Nilirudi nyumbani blauzi yangu ina wino mwekundu na mweusi, mama akaniuliza kama nimeajiriwa buchari. Brashi hiyo ninayo mpaka leo. Haijawahi kushindwa na vumbi, na haihitaji apdeti.

Kitu cha pili alichonipa ni daftari. Kila ukurasa aliupiga mstari katikati kwa rula. "Kushoto wewe andika maneno ya watu wa nyumba," akaniambia. "Yote. Hata ya upuzi. Kulia ndio fikira yako. Na usianze kulia." Kisha akaongeza jambo ambalo alilirudia mpaka nikachoka: "Mashine iko na nyumba yake. Kwanza ona nyumba." Niliitikia ndiyo. Nilikuwa kijana, na vijana huitikia ndiyo upesi sana.

Sasa nije kwenye kesi yenyewe. Ni ya ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, wakati familia za Kileleshwa zilikuwa zinanunua kompyuta ya nyumbani kama zilivyonunua kabati la vyombo, yaani ikae sebuleni wageni waione. Mteja wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, anakaa ghorofa ya tatu. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata askari wa geti. Hata mimi, mama wa watoto wawili wakati huo, nilijikuta naficha mikono mgongoni nikizungumza naye. Binti yake Njeri alikuwa ng'ambo na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa amemnunulia mama yake kompyuta na kamera ili kila Jumapili bibi amwone mjukuu. Lakini ile programu ya kupigiana simu ilikataa kufunguka mpaka mfumo wa kompyuta usasishwe, na masasisho hayo, ambayo mtaani tunayaita apdeti, yaliingia kwa waya wa simu. Intaneti ya siku hizo ilidondoka kama maji ya mfereji siku ya mgawo. Apdeti moja ilikula nusu siku.

Mlango nilifunguliwa na Nekesa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Bungoma, na alikuwa amemfanyia Mwalimu kazi za nyumbani kwa miaka sita. Sebule ile yote ilikuwa imevikwa vitambaa vya kufuma. Makochi yalikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, meza ilikuwa na chake, redio chake, hata simu ilikuwa na kofia. Kompyuta ilikaa mezani kwenye kona, safi, inameta, na kando yake palikuwa na stuli yenye nguo zilizokunjwa. Nilidhani ni za kupiga pasi.

"Apdeti inafika katikati halafu inakufa," Mwalimu akasema, kama anayeripoti mtoto mtoro. "Nikirudi naikuta imezima kabisa. Nikiiwasha inaniambia kuna faili zimepotea. Zimepotelea wapi na hazina miguu?"

Niliiwasha, nikaona ndivyo. Apdeti ikikatwa katikati ni kama mtu anayehamishwa nyumba halafu lori liondoke na nusu ya vyombo. Hana nyumba ya zamani wala mpya. Niliurudisha mfumo kwa diski zangu za CD, nikaanzisha apdeti upya, nikakaa nayo saa nzima. Ilienda vizuri mno. Nekesa akaniletea chai, akasimama kidogo akiitazama ile skrini.

"Fundi, hii kitu huwa inashika moto," akasema. "Hiyo kitambaa yake nikitoa jioni ni kama imetoka kwa pasi."

"Kompyuta zote hupata moto, dada," nikamjibu, macho yangu yakiwa kwenye skrini. Akachukua trei akaenda. Ilipofika thuluthi moja, nilimwambia Mwalimu asiiguse mpaka imalize, nikaaga.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Imekufa.

Nikarudi. Nilipoibonyeza ikaamka bila taabu, ikanionyesha faili zilizopotea, nikazirudisha, nikaanzisha apdeti, ikaenda kama maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikakaa, nikanywa chai, nikaondoka. Alasiri Mwalimu akanipigia. Imekufa tena.

Niliibeba kwa teksi hadi River Road. Kule kwetu hatukuwa na laini ya intaneti, lakini niliiwasha ikae siku tatu mfululizo, nikaipa kazi nzito za kukokotoa, nikaifungulia picha na muziki kwa pamoja. Haikukohoa. Hata hivyo nilibadilisha memori, nikabadilisha nyaya, nikaiwekea kwa muda diski yetu isiyo na kasoro, nikaifuta kila pembe kwa ile brashi. Mafundi tunafanya hivyo tusipojua tatizo: tunabadilisha kila kitu ili angalau tuchoke kwa heshima. Bwana Kirpal alikuwa mzee sasa, anakuja Alhamisi tu kunywa chai na kutukosoa. Aliniona nimejishika kichwa.

"Umeona nyumba yake?" akauliza.

"Nimeenda mara mbili, Bwana."

"Hapana," akasema. "Wewe umeonyeshwa."

Nilikasirika. Sikuelewa tofauti yake ni nini, na nilikuwa na mambo mengi ya kutoelewa wiki hiyo bila kuongezewa.

Nikairudisha Kileleshwa. Ikafa mara ya tatu. Safari hii nilikuja nimejiandaa kama mpelelezi. Nilifungua kumbukumbu ambazo mfumo huandika wenyewe, nikaona kwamba kompyuta haikufungwa kwa utaratibu. Umeme ulikatika ghafla saa saba na dakika chache mchana. Nikauliza kama stima ilipotea jana. Mwalimu akasema haikupotea. Nikaenda jikoni kutazama maikrowevu, maana stima ikipotea saa yake huanza kupepesa sufuri. Haikuwa inapepesa. Basi stima ya nyumba ilikuwepo, na stima ya kompyuta ikakatika. Katikati yake kuna kitu kimoja tu, nacho ni swichi ya ukutani. Niliikuta imewashwa, nikajiambia aliyeizima ameshairudisha.

Mnajua desturi za nyumba zetu. Ukitoka chumbani unazima swichi ukutani, stima isije ikarudi na nguvu ikachoma vitu. Na katika nyumba ile, Mwalimu mwenyewe alikuwa amemfundisha Nekesa hivyo kwa miaka sita: redio, pasi, televisheni, kila kitu ukutani. Niliona raha nilipofikia hapo. Nawaambia ukweli, niliona raha. Baada ya wiki mbili za kutapatapa nilikuwa na jibu, tena la kusimama wima.

"Mwalimu," nikasema, "kuna mtu anaizima hapo ukutani."

Hakuniuliza ni nani. Nyumba ilikuwa na watu wawili. Akaita, Nekesa akaja akijifuta mikono.

"Nekesa, ni wewe unazima kompyuta?"

"Hapana, Mwalimu. Uliniambia nisiguse, na sijagusa."

"Huzimi kila kitu humu ndani?"

"Nazima. Lakini si hiyo."

"Fundi amepima. Fundi amesema."

Nekesa akanigeukia. "Fundi, uliniona?"

Nilisema kwamba mashine inaonyesha hivyo. Nilisema kwa sauti ya kitaalamu. Yeye akarudi kumtazama Mwalimu, akasema mara ya tatu, polepole, "Mimi sikuzima."

"Kuzima si kosa," Mwalimu akasema. "Ungesema umesahau, tungecheka yaishe. Kukana ndiko kosa. Miaka sita naishi na mtu humu ndani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Jumamosi alinipigia kuniambia kwamba amemwachilia Nekesa. Alisema hivyo, amemwachilia, kama mtu anayemzungumzia njiwa. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikajiambia kwamba mambo ya watu na wasichana wao wa kazi hayamhusu fundi. Nikaenda kusuka nywele.

Jumanne simu yake ikaja. Safari hii hakuanza kwa kuripoti.

"Fundi. Imezima tena."

"Nani alikuwa nyumbani, Mwalimu?"

"Ni mimi tu," akasema. "Nilikuwa chumbani nasoma."

Sijui niwaelezeje nilivyohisi. Nilikaa kwenye ngazi za River Road watu wakinipita na mabomba begani, na kitu pekee nilichokijua kwa hakika ni kwamba nilikuwa nimemfukuzisha mtu kazi kwa hesabu ambayo jumla yake haikuwa sawa. Nilimpigia Mwalimu, nikamwongoza kwa simu namna ya kurudisha faili na kuianzisha tena kesho yake asubuhi. Nikamwambia nitakuja keshokutwa.

Hiyo Jumatano nilikuwa na mteja Hurlingham, ofisi ya wakili, nikafika nikakuta ofisi imefungwa, wakili yuko kortini. Nikasimama pale na mkoba wangu wa bisibisi, sina la kufanya. Kileleshwa si mbali. Nikatembea, sikupiga simu.

Mwalimu alifungua mlango akiwa na leso kiunoni na malapa. Alishtuka. "Fundi! Si ulisema kesho? Hata sijakutayarishia."

Nikaingia, nikaitazama ile kona, na kwa mara ya kwanza nikaiona kompyuta ilivyokuwa ikiishi. Skrini ilikuwa na kitambaa chake cheupe. Kibodi ilikuwa na chake. Na ile CPU, lile sanduku lenyewe, ilikuwa imevikwa gauni zima la uzi mzito, limetiwa karatasi ya nailoni kwa ndani lisipitishe vumbi, likafika mpaka chini pande zote nne na kufungwa kwa utepe mgongoni, mahali hasa ambapo feni hupumulia. Zilikuwa ndizo nguo nilizoziona zimekunjwa kwenye stuli.

"Huwa unaifunika hivi?"

"Ikifanya kazi ndefu, ndiyo. Hivi vumbi la barabarani hulioni?" akasema. Kisha akaona aibu kidogo. "Fundi akija naviondoa. Si unajua mafundi na mikono yao."

Nikaweka kiganja juu ya lile gauni. Lilikuwa na moto wa nguo iliyotoka kwa pasi. Ndani yake feni ilikuwa inahema kama mbwa juani. Kabla sijafungua utepe, kukasikika mlio mdogo, tak, na feni ikanyamaza. Sote wawili tukageuka kutazama ukutani. Hapakuwa na mtu. Taa ndogo nyekundu ya swichi ilikuwa inawaka.

Kompyuta ikizidiwa na joto hujizima yenyewe isiungue. Siku za kawaida Mwalimu aliiwasha nusu saa tu, aandike barua, na nusu saa haikutosha kuipika. Apdeti peke yake ndiyo iliyoiacha ikiwaka saa nyingi, na apdeti peke yake ndiyo iliyoandamana na gauni. Nilipokuwepo mimi, haikuvaa. River Road, haikuvaa. Ikipoa, inaamka kama vile hakuna kitu kilichotokea. Kwa hiyo kikulacho kilikuwa nguoni kweli, ila tulikuwa tumemvua nguo mtu mwingine.

Nikaketi, nikatoa daftari. Nilirudi nyuma kwenye ukurasa wa siku ile ya kwanza, nikitafuta sijui nini. Upande wa kushoto, chini ya maneno yote ya Mwalimu, palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wangu: *Msichana – kitambaa moto kama pasi.* Sikukumbuka kuuandika. Nadhani mkono uliandika kwa mazoea ya Bwana Kirpal, kisha kichwa kikausahihisha, maana nilikuwa nimeukata. Niliukata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama mtu asiye na wasiwasi.

Nikampa Mwalimu daftari. Akavaa miwani, akasoma jinsi alivyosoma madaftari ya watoto miaka arobaini.

"Jibu hili lilikuwa sahihi," akasema. "Nani amelikata?"

"Ni mimi."

Akavua miwani. "Na mimi nikampa adhabu."

Alitaka niende peke yangu kumtafuta Nekesa, nimpelekee ujumbe. Nilikataa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia, na mikono yangu haikuwa mgongoni. Tulimpata Jumapili asubuhi, Kawangware, kwa binamu yake, anafulia watu nguo. Alituona akaendelea kukamua shuka. Mwalimu alisema pole, akasema vizuri, bila kujitetea. Mimi nikasema yangu, nikimeza maneno nusu.

"Nilikuambia siku ya kwanza, fundi," Nekesa akasema. "Hata chai ilikuwa bado moto."

"Uliniambia."

"Rudi nyumbani, Nekesa," Mwalimu akasema.

Nekesa akatandaza shuka kwenye kamba, akainyoosha pembe zote. "Nikitoka uliambia askari wa geti aangalie bag yangu. Akatoa hadi nguo za ndani, watu wa Block B wakiona. Sasa mwambie huyo askari. Mdomo yako mwenyewe."

Basi tukaenda getini, wanawake watatu. Mwalimu alijinyoosha kama yuko paredi ya asubuhi.

"Askari. Nekesa hakuzima."

Askari akatutazama mmoja mmoja. "Hakuzima nini, Mwalimu?"

"Hakuzima. Nilimsingizia. Nataka ujue."

"Sawa," akasema, bila kuelewa chochote, akavua kofia kwa tahadhari. Nekesa akamtazama mpaka alipoinamisha macho, kisha akapita.

Siku hiyo apdeti ilienda kompyuta ikiwa uchi kabisa, na tukakaa nayo hadi mwisho, sote watatu kwenye makochi. Miaka sita Nekesa hakuwahi kukalia kochi lile. Niliona alivyokaa ukingoni kwanza, kisha akaegemea. Mfumo ulipojiwasha upya skrini ikawa nyeusi kwa muda, halafu ikarudi. Njeri alipotokea kwenye kamera, ni mtoto aliyeonekana kwanza, paji la uso tu na jicho moja. Mwalimu alilia bila kitambaa.

Daftari hilo nimewaachia kwenye droo ya chini, upande wa kushoto. Mstari ule nimeuacha ulivyo, na alama yake.

Simu ya Njeri ilipokatika, Mwalimu alijifuta macho, akasema kwa mazoea, "Nekesa, zima hapo ukutani."

Nekesa hakuinuka. "Hiyo mimi sigusi, Mwalimu."

Nikainuka nikazime mimi, Mwalimu akanizuia kwa mkono. Swichi ilikuwa chini, nyuma ya mguu wa meza, na magoti yake yalikuwa mabovu kwa miaka mingi. Akapiga goti moja, kisha la pili, akajinyoosha chini ya meza, akazima. Kuinuka ndiko kulikomshinda, na Nekesa akaenda kumshika mkono.